Bibi wa Yiti

Zanzibar, kazi ya Mahfoudha ilikuwa kusafisha picha. Katika studio ya marehemu mumewe alikaa na brashi nyembamba, akiwafutia watu makovu na chunusi. Alipofika Maskati mwaka 1964, baada ya mapinduzi, peke yake, hakuwa na mtu wala picha hata moja ya nyumbani. Akapanga chumba Matrah, bandari ya jirani. Majirani walicheka Kiarabu chake, wakamwita Mzinjibari. Siku zilipita asiseme neno na mtu ila muuza samaki.

Mwaka wa tatu akampata Mzungu mmoja aliyekuwa akitengeneza kitabu cha picha za Oman. Alikuwa amewahi kukaa Tanganyika, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha. Alimchukua kwa kazi mbili: kumkalimania na kumsafishia filamu.

Walikwenda kijiji cha Yiti kwa mashua. Mzungu akasimamisha kamera yake mbele ya ghuba.

"Waambie watoke. Nataka nchi tupu, kama Mungu alivyoiumba."

Wavuvi wakasogea. Bibi mmoja mwenye nguo nyeusi, Masouda, akabaki akianika papa wake mchangani. Mahfoudha akamsihi kwa Kiarabu chake cha kuvunjika.

"Mwambie asogee yeye," bibi akajibu. "Mimi hapa nimezaliwa."

Mzungu akapiga hivyo hivyo. "Utamfuta," akasema.

Chumbani, Mahfoudha akaiinua filamu dirishani. Kwenye filamu nguo nyeusi hutoka nyeupe, kwa hiyo bibi yule alionekana kama tundu la mwanga katikati ya mchanga. La kufanya lilikuwa kulijaza wino tu, kazi ya nusu saa. Akachovya brashi. Mkono ukagoma. Aliwaza: huko kwetu nako, nani anatufuta sasa? Nani anasema pale hapakuwa na mtu?

Akachapa nakala moja, kisha akairudisha filamu kama ilivyokuwa.

"Hujafanya kazi," Mzungu akasema.

"Chunusi nnafuta, bwana. Mtu siwezi."

"Ni picha ya mandhari, mama. Huyu bibi anaiharibu."

"Basi mtafute mwengine."

Akampata. Kitabu kilipotoka, karani mmoja wa Kizinjibari, Ishaq, alimwonesha Mahfoudha ule ukurasa: bahari, mlima na mchanga mweupe, kama hapajapata kukanyagwa. Mahfoudha akakifunga kitabu, akamrudishia.

Wiki ile ile akapanda mashua kwenda Yiti na ile nakala. Masouda aliishika juu chini, kisha akaigeuza, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu nani, mdogo hivi?"

"Wewe, khalti," akamjibu, akimwita mama mkubwa kwa Kiarabu.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akamkaribisha mkekani, akamtilia kahawa, akaita wajukuu waje waone. Mahfoudha hakukumbuka mara ya mwisho alipoketi na watu. Kisha Masouda akamuuliza, "Na picha yako iko wapi? Ya kwenu?"

"Sina."

"Hata moja?"

"Hata moja, khalti."

Bibi alimjazia kikombe tena. Mwenye mashua alikuwa akiita, maji yasije yakapwa. Mahfoudha akanywa haraka, akaaga, akarudi Matrah akiwa abiria pekee.