Kadi ya Kasyoka

Mama wenzangu, mwaka wa tisini, hospitali ilipoanza kutulipisha, nilifanya kosa ambalo sitaki mlirudie. Mwalimu Kiema alitueleza kanisani kwamba wazungu wanaokopesha serikali ndio waliotaka wagonjwa walipe. Watoto wa chini ya miaka mitano tu ndio waliotibiwa bure.

Nzilani wangu alikuwa na miaka saba, lakini njaa ilikuwa imemdumaza. Akashikwa na malaria. Nikachukua kadi ya kliniki ya mdogo wake, Kasyoka, nikambeba Nzilani mgongoni kutoka kwetu Kalamba hadi hospitalini, nikasema ana miaka minne. Sista, yule muuguzi, akampa dawa ya mtoto wa miaka minne. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

Siku ya tatu homa ilirudi kali, akaanza kutetemeka na macho yakageuka. Nikakimbia naye tena. Sista alipomfungua mdomo, akanikazia macho.

"Mama Kasyoka, huyu wa miaka minne ameshang'oa meno ya mbele? Mwaka ujao ataota ndevu?"

Nikamnyooshea tena ile kadi.

"Sema! Dawa napima kwa umri. Nikikosea tena, atakufa hapa."

"Ni saba, sista. Huyu ni Nzilani. Sikuwa na ya kulipa."

"Si ungeniambia juzi? Wasio na uwezo tunawaandikia msamaha wa malipo."

Akamdunga sindano.

Nzilani alipona, ila malaria ilikuwa imeshapanda kichwani, na sikio moja halisikii mpaka leo. Ukikosa pesa, sema umekosa. Usidanganye kuhusu umri wa mtoto.