Karani wa Chini ya Meza

Kaka yangu alimrudisha Karani siku ya Jumatatu saa tatu asubuhi, amemfunga mnyororo nyuma ya pikapu, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba amechelewa kazini.

Nilipanda nyuma ya gari nikamkuta mbwa amejikunja kwenye kona, tumbo limelowa mkojo wake mwenyewe, na pale mnyororo ulipopita shingoni manyoya yametoka na ngozi iko wazi. Siku tisa tu. Nilimpa mbwa mwenye shingo nzima akaniletea huyu.

“Huyu si mbwa, huyu ni ugonjwa,” kaka akasema huku akishusha ubao wa nyuma. “Siku zote hizo hajatoka chini ya kitanda cha watoto. Nimempigia filimbi, nimemvuta, nimemnyima chakula akili imkae sawa, wapi! Miaka ishirini nafundisha mbwa wa ulinzi, mdogo wangu, sijaona kitu kama hiki.”

“Ulimvuta kwa kitu gani? Kwa mnyororo huu?”

“Nimekwambia nimechelewa.”

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilimtukana kaka yangu wa tumbo moja pale getini, mbele ya mlinzi, mbele ya mama mmoja na binti yake waliokuja kutazama watoto wa mbwa. Nilimtukana yeye, filimbi yake na miaka yake ishirini, nikamwambia hata wanawe, kama baba angekuwa kitu cha kurudishwa, wangeshamrudisha zamani. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga ubao, akaingia garini.

“Ningejua,” akasema dirishani, “ningemfungulia barabarani nikaenda zangu. Nisingesikia yote haya.”

“Potea!” nikamwambia, akawasha gari akaondoka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira, na sioni haya. Huu ni mwaka wa kumi na mbili nafanya kazi katika kituo cha mbwa waliotupwa. Nimefungua maboksi ya watoto wa mbwa yaliyoachwa getini na gundi ya kuyafungia ikiwa bado mbichi. Mtu akifanya kazi hii miaka kumi na mbili bila kukasirika, basi huyo ana kasoro, apelekwe hospitali.

Karani aliletwa mwaka na nusu uliopita. Anaogopa ufagio, anaogopa viatu vya kiume, anaogopa sahani ikianguka na mtu akicheka kwa ghafla. Kizimbani alikuwa akigonga kichwa ukutani, kwa hiyo tukamhamishia ofisini, naye akaingia chini ya meza yangu na hapo ndipo alipohamia. Asubuhi tunamkuta mezani, jioni tunamwacha mezani, ndipo tukamwita Karani. Mlinzi husema ndiye mfanyakazi pekee wa kituo asiyeomba ruhusa.

Kazi yangu ni kuwatafutia mbwa kwao. Kwenye tangazo la Karani niliandika kwa herufi kubwa kwamba anahitaji nyumba yenye uzoefu, kisha nikakaa kusubiri waongo. Hawakukawia. Mtu amewahi kumrushia mbwa wa jirani mfupa mara moja, anaandika kwenye fomu “uzoefu mkubwa”. Wa kwanza alikuwa mwalimu, akamrudisha siku ya nne kwa sababu mbwa hachezi. Wa pili walikuwa mume na mke, wao walimrudisha kwa sababu anawatia huzuni. Niliwapa wote wanachostahili, palepale getini. Ndipo nikamwendea kaka yangu, nikambembeleza, nikambana, nikampitia hata wifi, kwa sababu yeye walau miaka yake ishirini ilikuwa ya kweli.

Na huyo akawa wa tatu.

Nyuma ya mlango wa ofisi yetu kulikuwa na karatasi ndani ya plastiki: MBWA AKIRUDISHWA MARA YA TATU ATAPIGWA SINDANO. Sindano hiyo si ya chanjo. Ni ile ambayo mbwa akilala ndiyo basi. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, miaka mitano iliyopita, siku mtu mmoja aliponirudishia mbwa kisa amemwaga manyoya kwenye makochi meupe. Nilitaka waisome wanapotia sahihi, mate yawakauke. Na kweli yaliwakauka. Kurudisha kukapungua mno, nikajisifu hadi kero. Kwenye daftari langu la wanaoondoka, kila mbwa aliyekaa mwaka bila kurudishwa nilimwekea nyota kwa kalamu nyekundu. Kwa miaka mitano hakuna mbwa aliyefika mara ya tatu, nikasahau kwamba karatasi ile ilikuwa na meno.

“Daktari anakuja Alhamisi,” akasema Mkuu wa kituo mchana ule.

Mkuu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi kwake. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika.

“Huwezi,” nikamwambia.

“Tuna vizimba arobaini na mbwa hamsini na watatu. Wewe mwenyewe umeniambia mwaka jana tusipofuata sheria hatutofautiani na wanaotupa mbwa.” Akaelekeza kidole nyuma ya mlango. “Na sheria ni yako. Mimi niligonga muhuri tu.”

Nikatoka nikaenda kusugua vizimba vilivyokwisha kusuguliwa.

Jumanne akaja fundi cherehani. Alikuwa mwanamke wa makamo, tepu ya kupimia bado inaning’inia shingoni, amesahau kuivua. Alisema ameliona tangazo la Karani, akaomba fomu, akaijaza taratibu akiwa amesimama. Nilipopokea fomu nikaruka moja kwa moja kwenye mstari wa uzoefu. Aliandika: “Nimewahi kumrudisha mbwa hapa.”

Chini yake kulikuwa na sentensi nyingine. Sikuifikia.

“Mama,” nikamwambia, “umekuja kufanya nini hapa? Kuchukua wa pili ili umrudishe? Unadhani hapa ni duka la viatu, kikibana unabadilisha? Huyu mbwa anakufa keshokutwa, unanielewa? Anakufa kwa sababu ya watu kama wewe!”

“Umemaliza?”

“Sijaanza!”

“Basi endelea, mwanangu. Mimi nitakaa.”

Akakaa kweli. Si kwenye kiti. Alikaa sakafuni, hatua mbili kutoka mezani pangu, akampa mgongo Karani, aliyekwisha kurudi kujificha pale chini, akatoa suruali kwenye mkoba wake na kuanza kufumua pindo. Nilibaki nimeshika fomu mkononi. Mlinzi alichungulia mlangoni, akaiona sura yangu, akarudi alikotoka.

“Hata kumtazama humtazami,” nikasema.

“Simtazami, ndiyo. Tangu aje hapa kila mtu anainama kumtazama. Atapumua saa ngapi?”

Nikajifanya napanga mafaili. Yeye alifumua suruali, akatoa sketi, akafumua na hiyo. Kila baada ya muda alichukua kipande cha ini lililochemshwa kutoka kwenye kikopo na kukitupa nyuma ya bega, bila kugeuka, bila kumwita. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Watu waliingia na kutoka, wakamruka miguu. Ilipofika saa tisa nikasikia sauti chini ya meza, na ilinichukua muda kuelewa ni sauti gani.

Karani alikuwa anatafuna.

Mwaka na nusu nimempigia magoti mbwa yule. Nimemwimbia, nimemletea nyama ya kwangu ya mchana, na hajawahi hata siku moja kula mtu akiwa chumbani. Alikuwa anangoja tutoke. Leo anamtafunia mgeni, tena mgeni aliyewahi kumrudisha mwenzake. Nikiri kwamba sikufurahi. Niliona wivu hadi macho yakaniwasha.

“Umejifunzia wapi haya?” nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

“Hukusoma fomu yote,” akasema.

Nikaichukua. Sentensi ya pili ilisema: “Baadaye nilikaa na mwingine miaka minne.”

Akafungua kopo lake la vifungo, akachambua kwa kidole, akanipa kibati cha shingoni mwa mbwa. Kilikuwa kibati cha kituo chetu, kimepauka, namba mia mbili na kumi na mbili.

“Yule wa kwanza alinishinda kweli,” akasema, bado amegeukia ukuta. “Nilikuwa namvuta atoke, namkumbatia kwa nguvu, akaniuma. Nikamrudisha. Ulinitukana pale getini hadi wateja wangu wakasikia habari hizo. Hunikumbuki?”

Sikumkumbuka. Nimewatukana wengi.

“Haya. Jirani yangu naye alichukua mbwa hapa, huyo mwenye kibati. Mwoga kama huyu wako. Akamshinda ndani ya wiki mbili. Nikamwambia mrudishe. Akasema, nikatukanwe kama wewe? Na alikuwa ameisoma karatasi yenu hiyo, na anajua mbwa alishawahi kurudishwa mara mbili. Akasema heri amwachie Mungu. Akampakia garini, akaenda kumfungulia kwenye barabara kuu.”

Nilisikia maneno ya kaka dirishani kana kwamba gari bado linanguruma nje.

“Nilimtafuta siku tatu,” fundi akaendelea. “Nilimkuta kwenye mtaro, mguu umevunjika. Alikaa chini ya cherehani yangu miezi minane kabla ya kutoka mwenyewe. Hayo ya kukaa na mgongo alinifundisha yeye. Amekufa mwaka huu, kwa uzee tu.”

Nilivuta daftari langu. Mia mbili na kumi na mbili ilikuwa pale, kwa mwandiko wangu: “Amepata kwao. Hajarudishwa.” Na nyota nyekundu pembeni. Nilifunua ukurasa, nikaona nyota nyingine, na nyingine, na nyingine, ukurasa mzima, na sikujua tena hata moja ilikuwa inasema nini. Barabara kuu ni ndefu. Nilitaka kumtukana mtu, yeyote yule, na nilipotafuta ni nani nikaona ofisini tupo watatu, na mmoja ni mbwa.

“Mchukue,” nikamwambia. “Mchukue leo.”

“Leo simchukui. Nikimbeba leo atakuwa ameibiwa tu, kama walivyomwiba wengine. Nitakuja hapa kila siku na kazi yangu. Siku kumi, labda kumi na mbili. Aondoke kwa miguu yake.”

“Mama, daktari ni keshokutwa!”

“Hilo la daktari ni lenu,” akasema, akakata uzi kwa meno.

Nilikwenda nyuma ya mlango nikaing’oa ile karatasi, plastiki na gundi na rangi ya ukuta, nikaingia nayo kwa Mkuu bila kubisha hodi, nikaiweka juu ya chai yake.

“Nataka siku kumi na mbili.”

“Na akirudishwa tena?”

“Arudishwe.”

“Iwe mara ya nne?”

“Hata ya kumi! Arudishwe hapa, getini, na apokelewe. Na hakuna mtu atakayetukanwa kwa kumrudisha mbwa aliyemshinda.”

Mkuu aliinua karatasi, akakung’uta chai. “Hilo la kutotukana,” akasema, “nataka uliandike wewe mwenyewe, utie sahihi, na mlinzi awe shahidi.”

Nikaandika. Mlinzi alisoma mara mbili, akaniuliza kama naumwa.

Jioni hiyo nilimpigia kaka simu. Nilimwambia alichoifanyia shingo ile sitamsamehe mwaka huu wala mwaka ujao, na kwamba filimbi yake aimeze. Kisha nikamwambia ahsante kwa kumrudisha. Nikamsikia wifi akiuliza ni nani, naye akajibu kwamba hana hakika.

Daktari alikuja Alhamisi. Alikaa sakafuni karibu na fundi, naye akampa Karani mgongo kama alivyoelekezwa, na mbwa alipomzoea ndipo alipompaka shingo dawa. Fundi alikuja kila siku. Siku ya saba Karani alitoa pua nje ya meza. Siku ya kumi alilala na kichwa juu ya sketi ya mteja, ikabidi mteja asubiri. Siku ya kumi na mbili fundi alikusanya nyuzi zake, akasimama, akaenda zake mlangoni bila kugeuka, kamba ndefu ya Karani imelegea mkononi. Chini ya meza pakawa kimya. Kisha kucha zikagonga sakafu, taratibu, moja moja, na Karani akanipita karibu na goti, mkia umebanwa tumboni, anatetemeka mwili mzima, anakwenda.

Niliwasindikiza hadi getini kwa mbali. Fundi alisimama pale pale nilipozoea kusimama kutukana watu.

“Akinishinda?” akauliza, akiutazama mtaa.

“Mlete.”

“Hutanitukana?”

Nilimtazama mbwa, nikaitazama ile shingo iliyoanza kuota manyoya, na nilijijua mimi ni nani.

“Nitakutukana,” nikasema. “Lakini mlete.”