Nusu Mzunguko wa Kamshafti

Mama Spana, mwenye gereji, alimpa Profesa mtihani mmoja tu: afunge mkanda mpya wa taimingi kwenye injini iliyofunguliwa mbele yake. Gari likiwaka kabla ya saa sita, kazi ni yake. Lisipowaka, arudi kwa dada yake akaendelee kulala sebuleni.

Jina la utani la Profesa kijana alijitafutia mwenyewe. Asubuhi ile, badala ya kushika spana, alihutubia.

"Kamshafti, mama, ni mhimili wenye nundu. Nundu ikipita inasukuma valvu, valvu inafunguka, injini inavuta pumzi. Ni kama moyo..."

"Moyo wako uache hapo. Funga mkanda."

Alifunga. Alama ya krenki, ule mhimili wa chini unaouendesha mkanda, juu; alama ya kamshafti juu; mkanda umekaza. Akazungusha krenki duara moja, kuhakikisha. Loo! Alama ya krenki imerudi juu, ya kamshafti inatazama sakafu.

Jasho likamtoka hata pasipo na vinyweleo. Akafungua mkanda, akaigeuza kamshafti, akafunga upya, akazungusha duara moja. Chini tena! Akalaumu mkanda, akalaumu meno ya gurudumu, nusura amlaumu aliyevumbua injini. Mtu pekee ambaye hakumshuku ni yule bingwa wa darasa, yaani yeye mwenyewe.

Mara ya nne, saa sita kasoro dakika tano, ndipo akakumbuka: krenki huzunguka mara mbili, kamshafti mara moja. Jambo hilo alikuwa ameliandikia kurasa arobaini chuoni. Akaongeza duara la pili. Alama zote mbili zikarudi juu, zimetulia kama wageni wenye adabu wanaomsubiri mlevi amalize kusema.

Angeweza kusingizia mkanda. Ulimi ulikuwa tayari, roho ikakataa.

"Mama, nimepoteza asubuhi nzima. Nilipatia tangu mara ya kwanza, sikujua."

Walipomaliza kurudisha vifuniko, saa sita ilikuwa imeshapita. Mama Spana akazungusha ufunguo. Gari likawaka papo hapo. Profesa akaanza kuvua ovaroli.

"Unakwenda wapi? Nilikuwa nakuhesabia. Wenzako hukosea mara nne. Wewe umepatia mara nne, ukajifelisha mwenyewe mara tatu!" Akafuta machozi ya kicheko kwa kiwiko. "Anayekosea bila kusema ndiye nisiyemtaka. Kesho saa mbili, mwanangu."

Profesa alikuwa na hotuba nzuri ya shukrani. Akaimeza.

"Ndiyo, mama."