Mzee Gachanja Atolewa Mazishini

Mama Kipkirui hakuwa na nafasi ya mtu kufa asubuhi hiyo. Ratiba ya harusi ya Abby ilitakiwa kanisani kabla ya saa sita, la sivyo pasta angewapa wengine hiyo Jumamosi. Lakini baba wa bibi harusi, Mzee Gachanja, aliyekuja kuhakiki majina, alikuwa amegandisha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Ni folda."

"Imeandikwa Mazishi. Na jina langu limo."

Lilikuwamo kweli. Wiki iliyopita mtaa wa Rhonda ulizika watu wanne, na Mama Kipkirui, mwenye duka la kompyuta linalochapisha ratiba za mtaa, akachoka kutafuta folda kila mara. Akaingia kwenye mipangilio ya Linux, mfumo wa kompyuta yake, akaiamuru: kila hati mpya ihifadhiwe Mazishi. Wafu wakazikwa, mashine ikabaki matangani.

"Nitaihamisha. Ni kazi ya dakika moja."

"Unihamishe kama gunia la viazi? Aliye hai hatajwi pamoja na wafu. Umeniingiza, sasa unitoe kwa mlango, watu wakiona."

Watu walikuwa wakiona. Anyango, aliyekuja kuchapisha fomu, alikuwa ameshaandika kwenye WhatsApp ya mtaa kwamba Gachanja yumo katika folda ya mazishi. Hakuongeza neno.

Mama Kipkirui akafungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nalo likafungukia Mazishi, maana alilipanga hivyo kwa mkono wake.

"Unaona?" mzee akasema. "Hata njia ya kutoka inaanzia makaburini."

Nje wimbo wa maombolezo ukaanza. Akina mama wa kanisa, waliousoma ujumbe wa Anyango, walikuwa wamefika na sufuria mbili za githeri, mahindi na maharagwe. Maina, jirani wa mzee, ambaye hawakuwa wamesalimiana naye miaka sita kwa sababu ya ua wa shamba, alisimama kwenye ngazi akilia.

"Alikuwa mtu wa haki," Maina akasema. "Ule ua, jamani, niliusogeza mimi."

Mzee akaushika mkono wa Mama Kipkirui juu ya kibodi. "Usinitoe bado. Mwache amalize."

"Mzee, ni saa tano na nusu. Chagua moja: kukaa ukisifiwa ama kumwoza binti yako."

Mzee akafikiri muda mrefu kuliko inavyompasa baba.

"Haya, nitoe."

Mama Kipkirui akaandika amri moja, hati ikahamia folda ya Harusi. Akarudi kwenye mipangilio, akaamuru hati na terminali zote zianzie Nyumbani. Akachapisha ratiba, akafungua mlango wazi kabisa.

Mzee akatoka nayo mkononi. Wimbo ukakatika. Maina akarudi nyuma ngazi moja.

"Endelea," mzee akamwambia. "Ulikuwa umefika kwa ua."

"Nilidhani umekufa."

"Nilikuwa. Beba sufuria moja, twende kanisani. Utamalizia njiani, na hawa wote wakisikia."