Saba Iliyofutika

Sarafu ilikuwa inang'aa, na hapo hapo fundi saa akajua kwamba mambo yameharibika.

Jana yake haikuwa hivyo. Jana ilikuwa nyeusi, imelika, kichwa cha mtawala kimebaki kivuli tu. Mama mshonaji aliitoa kwenye kopo la vifungo, akaiweka juu ya meza ya cherehani, na fundi akaitazama kwa ile lenzi yake ya kubana jichoni mpaka mama akamwuliza kama amepitiwa na usingizi. Wapi! Alikuwa ameona, chini kabisa karibu na ukingo, kijistari kilicholala na kimguu kilichoinama. Saba. Saba hiyo alikuwa ameitafuta kwa miaka ishirini na miwili, na aliitamka kwa sauti pale pale, asijue kama anaongea.

Maana fundi huyu, mtu wa kutengeneza saa za watu kwenye kibanda chenye upana wa mlango, alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani: senti kumi za zamani, kila mwaka na yake. Alizipanga kwenye ubao alioutoboa kwa mkono wake, na matundu yote yalikuwa yamejaa isipokuwa moja. Mwaka ule unaoishia na saba zilitengenezwa chache, nyingi zikaja kuyeyushwa, na zilizobaki wenyewe wamezikalia. Mkewe alishawazoea majirani waliomwuliza kuhusu ubao huo. "Wenzangu waume zao wana pombe," aliwaambia, "wangu ana tundu."

Lakini jana hakununua. Aliomba siku moja afikiri, kwa sababu bei ya mama mshonaji ilikuwa bei ya mabati mawili, na mabati hayo yalikuwa yameshaahidiwa paa la chumba cha kulala, upande wa mkewe, ambako mvua ikinyesha huwekwa beseni. Akampigia simu mwenzake wa sarafu, mtu anayezijua bei zote kwa kichwa.

"Nadra ni nadra, sikatai," mwenzake alisema. "Ila iliyolika namna hiyo nani ataitaka? Hiyo ni ya kuzibia tundu tu, mzee."

"Na mimi si nina tundu?"

Mkewe yeye hakucheka wala kufoka. Alisema kwa upole, jambo lililomtisha fundi kuliko kelele. "Si usubiri iliyo nzima?"

"Mama watoto, nina miaka sitini na sita. Jicho la kushoto limeshaingia ukungu. Nisubiri mpaka ije, nimshike mtu mkono anielezee ilivyo?"

Mkewe alimaliza kukunja shuka alilokuwa nalo. Kisha akafungua kabati, akatoa pesa za mabati, akaziweka mezani na kutoka zake uani.

Basi leo fundi amerudi kwa mama mshonaji na bahasha ya pesa kifuani, na sarafu inang'aa.

"Umeifanyaje?" akauliza.

"Nimeisugua, mzee wangu." Uso wa mama mshonaji ulikuwa umekunjuka kwa furaha. "Jivu na ndimu, halafu dawa ya meno. Jana nilipata aibu, nakutajia bei kubwa na kitu kimejaa uchafu wa chaki. Hebu itazame sasa."

Fundi akabana lenzi jichoni, akaitazama. Akaigeuza kwenye mwanga huku na huku, akapitisha ukucha pale alipopaona jana. Pamekuwa laini kama kipande cha sabuni. Kimguu hakipo, kijistari hakipo. Watu wa sarafu hata kufuta kwa kitambaa hawathubutu, lakini nani amemwambia mshonaji mambo hayo? Yeye aliyeomba siku ya kufikiri ndiye aliyepaswa kusema jana, mama, usiiguse. Hakusema. Alikuwa amerudi nyumbani anapiga mluzi.

Kuanzia leo hakukuwa na mtu duniani wa kuapa kwamba hii ni ya mwaka ule wenye saba, ila yeye peke yake. Mwenzake wa simu atacheka mpaka akohoe. Siku akifa, watoto watakuta ubao mzuri wenye kipande cha chuma kitupu katikati, waseme mzee alikuwa amechoka akili. Hasira alikuwa nayo, na haikuwa na mtu wa kumwangukia.

"Vipi, mzee wangu?" Mama mshonaji alikuwa ameacha kutabasamu. "Nimeharibu?"

Angeweza kusema hapana, hajapenda tu. Angeshika njia yake na mabati yake.

"Umefuta mwaka, dada yangu."

Mama akakaa kwenye kiti cha cherehani. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa. Goti hilo lilikuwa limekataa kabisa kukanyaga pedali, na pesa ya sarafu ilikuwa ya kuinunulia cherehani mota. Aliitazama ile sarafu kiganjani mwa fundi kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

"Mama yangu alichorea kola na hii," akasema. "Kola ya mviringo, anaiweka kwenye pembe, anazungushia chaki. Miaka thelathini anaizungusha, haikufutika. Mimi nimeimaliza kwa nusu saa." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa pindo la nguo aliyokuwa akiishona. "Basi usinunue. Nirudishie, nitachorea na mimi."

Fundi hakuirudisha.

"Jana niliiona, au sikuiona?"

"Uliiona. Ulisema saba, nikakusikia."

"Basi mimi nanunua ile ya jana."

Hapo wakaanza kubishana kinyumenyume, muuzaji anashusha, mnunuzi anapandisha, mpaka mteja aliyefuata suruali yake akasimama mlangoni asielewe nani anauza nini. Walikomea kwenye bei ya mota. Fundi akabakiwa na pesa ya misumari.

Nyumbani hakuficha kitu. Alimkuta mkewe jikoni, akamweleza yote akiwa wima, kofia ingali kichwani: ndimu, dawa ya meno, mota. "Mabati hayapo, na mwaka hauonekani," akamaliza. "Nimenunua nikijua."

Mkewe alijipangusa mikono kwenye kanga, akanyoosha kiganja. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuomba kushika hata moja. Akaichukua hadi mlangoni, kwenye mwanga. Miwani yake ilikuwa chumbani, na bila miwani, tangu mwaka juzi, hata uzi alikuwa akitungiwa na jirani.

Akaigeuza taratibu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Saba," akasema. "Si hii hapa?"

Fundi akavua kofia, akaenda kusimama nyuma yake, naye akainamisha kichwa aone pale ambapo kidole gumba cha mkewe kilikuwa kikipita, polepole, chini karibu na ukingo.