Mhadhara Usiofungwa kwa Dua

Jumanne, saa nne asubuhi, nesi Zuena alilitoa sanduku la chanjo nje, kwenye kibaraza cha zahanati ya Mchungani, ng'ambo ya Mbuchi katika delta ya Rufiji, akalifunika kanga iliyoloweshwa maji. Barafu iliyokuja nalo kwa boti ilikuwa imekwishayeyuka tangu alfajiri. Kipimajoto kilisema tisa, na chanjo ikikaa sana juu ya nane si chanjo tena, ni maji ya bei ghali. Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki, na watoto kumi na mmoja walikuwa wakingojewa. Jokofu la nguvu ya jua alikwishaliomba kwa barua tatu katika miaka mitatu, na barua zote zilijibiwa kwa adabu kubwa.

Boti ya siku hiyo haikuleta barafu. Ilimleta Dakta Abdulswamadu, mtafiti wa fizikia kutoka chuo kimoja cha Dar es Salaam, kijana mwembamba mwenye viatu visivyojua tope. Mradi wake ulimtaka atoe mhadhara mmoja kijijini kuhusu mata, yaani vitu vinavyoundwa na chembe, na mambo ya kwanta, kanuni za chembe hizo; apigwe picha, aondoke zake. Akapewa kibaraza cha zahanati, maana ndicho kilichokuwa na saruji. Tangazo lilitolewa msikitini, na Mchungani elimu yoyote inayotangazwa msikitini ni darsa. Basi watu wakaja kidarsa: wamekoga, wamebeba mikeka, wanawake kushoto, wanaume kulia.

Dakta akaeleza kwamba jiwe, chuma na chumvi ni umati wa chembe zilizobanana, na kwamba umati una tabia ambazo mmoja mmoja hana.

"Hilo hata harusini lipo," alisema Bi Sikujua, mkulima wa mpunga, mama wa watu wazima saba, ambaye hajawahi kukosa mkutano wala kunyamaza ndani yake.

Watu wakacheka. Dakta naye akacheka, kisha akasema ziko mata ambazo zikipozwa sana, elektroni zake hushikana mbilimbili, na hapo umeme hupita bila kupungua hata kidogo. Akataja ni baridi kiasi gani. Alipoitaja, kibaraza kikaanza kupoa.

Wanawake walivuta kanga mabegani. Mzee mmoja alimwomba jirani asogee wabanane. Zuena alikitazama kipimajoto: saba, sita, nne. Moyo ukamruka kwa furaha. Alipoona Dakta anaanza kukunja karatasi, akanyoosha mkono upesi.

"Dakta, samahani, hapo kwenye kushikana. Nani anaanza kumshika mwenzie?"

Dakta Abdulswamadu alikuwa ametoa mhadhara ule katika miji minne na hakuwahi kuulizwa swali zuri namna ile. Akanogewa. Alitoka kwenye elektroni akaingia kwenye gesi ya heliamu, akashuka hadi kwenye baridi ambayo chini yake hakuna baridi nyingine, na mvuke ukaanza kutoka vinywani mwa watu. Kipimajoto kikasema moja. Chanjo ya pepopunda ikiganda, imekufa.

"Punguza, Dakta, punguza!" Zuena alisema. "Rudi kwenye elektroni."

Akarudi kwenye elektroni. Nne.

Kosa lilikuja mwishoni, nalo lilikuwa kosa la watu wenye adabu. Mchungani mkutano hauachwi wazi. Mwalimu Nassibu wa madrasa akainua mikono, akaomba dua ya kufunga, watu wakaitikia amina na kujipangusa nyuso. Baridi, kwa kuwa shughuli imekwisha, nayo ikaondoka. Kufika alasiri kipimajoto kilisema ishirini na nane.

Alhamisi alama za joto kwenye chupa zote za surua zilikuwa zimegeuka rangi: chanjo zimeharibika. Zuena aliwarudisha kina mama kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa amepiga kasia tangu kabla ya jua, mtoto mgongoni.

"Nisamehe, dada," Zuena alimwambia.

"Si kosa lako, nesi," yule mama akajibu, akarudi kwenye mtumbwi. Zuena akaingia stoo, akalia akijifuta kwa kilemba hadi kikaloa.

Alipokwisha kulia alifikiri. Mhadhara uliofungwa umekwisha. Ambao haujafungwa, je? Akaenda madrasa. Mwalimu Nassibu akamsikiliza, akakuna ndevu.

"Kwenye hitima, juzuu thelathini za Kurani tunagawana," alisema. "Makaratasi ya Dakta ni mangapi?"

Yalikuwa thelathini barabara. Wakamwendea Dakta, ambaye alikuwa bado anangoja bamvua, maji makubwa, ili boti ipite. Akasema yale makaratasi aliyahitaji kwa mkutano wa ng'ambo. Bi Sikujua akamwekea sahani ya wali wa mpunga mpya kwa kamba wa nazi, akamwambia, "Kula, mwanangu, utaandika mengine." Akala. Akayaacha.

Tangu hapo utaratibu ukawa huu. Kila baada ya alfajiri, adhuhuri na isha, msomaji mmoja husoma ukurasa wake kibarazani, na sharti mtu aulize swali, kwani bila swali baridi haikai. Wakifika ishirini na tisa wanarudi mwanzo. Ukurasa wa thelathini, ule wa hitimisho na shukrani, Mwalimu Nassibu aliuweka kifuani mwa kanzu na hakumwonyesha mtu. Chanjo mpya zilipokuja, zilikaa kwenye nne miezi mitatu mfululizo.

Watu walizoea. Sweta ziliagizwa kutoka Kibiti. Wavuvi wakaja na ndoo za kamba wakitaka kuziegesha kidogo tu, nesi, kidogo tu, na Zuena akawafukuza. Bi Sikujua alipewa ukurasa wa kumi na saba, wa fuwele, vitu kama chumvi ambavyo chembe zake zimejipanga safu, akausoma mpaka ukamwingia damuni. Alieleza kwamba ukipanda mpunga kwa mstari na upepo ukavuma, hautikisiki mche mmoja, linatikisika shamba zima. Chembe za fuwele nazo ndivyo zilivyo. Dakta aliposikia maelezo hayo kwa simu aliomba ruhusa ya kuyatumia. Akapewa.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatatu, bwana Ridhiwani, afisa wa vifaa vya afya wa wilaya, alifika kwa boti, na ndani ya boti mlikuwa na jokofu la jua, jipya, limefunikwa turubai. Zuena akaingia majini kulipapasa.

Bwana Ridhiwani alikuwa mtu mpole. Alivua viatu, akakaa mkekani kumsikiliza Bi Sikujua, kisha akapima joto la sanduku mara mbili.

"Nne," alisema. "Hongereni. Fomu inasema nikikuta zaidi ya nane, nashusha jokofu. Nikikuta chini, naendelea nalo."

"Lakini unaona kinachopoza," Zuena alisema.

"Naona."

"Ni watu, bwana. Wanaamka alfajiri. Wanaacha mashamba."

"Naona, dada yangu. Fomu haina sehemu ya watu."

Mwalimu Nassibu aliutoa ukurasa wa thelathini kifuani, akamtazama Zuena. Dua moja tu, na baada ya nusu saa kipimajoto kingesema anachotaka kusikia afisa. Lakini jokofu lile lilihitaji siku mbili kushika baridi, na sandukuni mlikuwa na chanjo za watoto kumi na tisa wa Alhamisi, na mama zao walikuwa huko visiwani, hawana habari. Zuena alimkumbuka yule wa kasia.

"Urudishe, Mwalimu," alisema. "Bi Sikujua, endelea."

Bwana Ridhiwani akajaza fomu. Penye aina ya jokofu aliandika: mhadhara. Penye uwezo: watu arobaini. Penye hali: linafanya kazi vizuri. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akauliza swali kuhusu fuwele, akajibiwa, akavaa viatu. Jokofu likaondoka naye.

Baada ya wiki tatu ikaja barua. Zahanati ya Mchungani ilipongezwa kwa uhifadhi bora wa chanjo, na kwa kuwa uwezo wake umethibitishwa, ingehifadhi pia chanjo za vijiji viwili vya jirani ambavyo havina jokofu. Zuena aliisoma mara mbili, akatoa tusi moja la Kindengereko, refu.

"Vijiji viwili?" Bi Sikujua aliuliza. "Basi waje na wasomaji wao."

Wakaja. Siku ya boti walishuka watu kumi na wanne na masanduku mawili ya chanjo, kila mtu na mkeka wake kwapani, wakiulizana kwa sauti kubwa mambo ya elektroni. Zuena akapokea masanduku kwanza, akayaweka kibarazani, kisha akawauliza ni nani kati yao anayeweza kuanza adhuhuri hiyohiyo.