Mashine Isiyoingia Bafuni Kwetu

Mume wangu ni seremala, na akipima kitu hakosei. Ndiyo maana nilishtuka alipotoa uzi mfukoni katikati ya duka, akapima upana wa mashine ya kufulia, kisha akatabasamu.

"Hii inaingia," alisema.

"Inaingia wapi?"

"Bafuni."

"Bafu lipi?"

Akajifanya hajasikia. Bafuni kwetu zikiingia ndoo mbili, mtu anatoka. Uzi ule, aliokuja nao umeshakatwa kwa kipimo, ulikuwa mrefu kuliko upana wa mlango wa bafu letu, na mlango huo aliutengeneza mwenyewe.

Siku zile alikuwa akichelewa kurudi nyumbani, na shati lake lilinukia sabuni ambayo mimi siinunui. Sikumuuliza. Kila asubuhi nilipiga magoti nikamwomba Mungu anioneshe ukweli, halafu nikainuka nikalinusa shati.

Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, alituzungusha. "Hii ina mapipa mawili. Moja linafua, la pili linakamua, ila nguo unazihamisha kwa mkono. Hii ya mlango wa mbele haili maji mengi, lakini sharti uiname. Na hii ya kifuniko cha juu unatumbukiza nguo umesimama, unafunga, unaendelea na mambo yako."

"Mapipa mawili yanatutosha," nilisema. "Mikono ninayo."

"Hapana!" Mume wangu alidakia haraka mno. "Kuhamisha nguo zilizolowa ni kazi. Na kuinama nako, mgongo..."

"Mgongo wa nani? Miaka yote nimeinamia beseni, leo ndiyo umegundua nina mgongo?"

Muuzaji akacheka. "Shemeji, hapo umepatikana. Niwapishe kidogo?"

"Kaa hapo hapo, dada. Nataka shahidi."

Nilikuwa nimeshamwona kichwani mwangu, huyo mwanamke mwenye bafu pana na mgongo usiotaka kuinama. Nyumba yangu ilikuwa inachukuliwa mbele ya macho yangu, tena pamoja na garantii.

"Ni nani?" nilimuuliza. "Sema, Mungu anakusikia."

Aliuzungusha uzi kwenye kidole mpaka ncha ya kidole ikapauka.

"Ni Mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu mzazi. Siku hizi usiku hawahi kuamka kwenda msalani. Shuka zinalowa. Jioni napita kumfulia. Aliniapisha: mkeo akijua, usikanyage tena hapa kwangu."

Sikukubali kirahisi. Mama mkwe wangu hata leso ya mkononi hajawahi kuniachia nimfulie, lakini mwanamume aliyebanwa hakosi la kusema.

"Mpigie. Weka sauti tusikie wote."

Akapiga. Simu ikapokelewa, na kabla hata ya salamu sauti ninayoijua vizuri ikauliza kwa kunong'ona, "Umeipata? Mkeo hajashtukia?"

Nikaichukua simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kumbe mko wote." Kisha sauti ikapanda. "Sasa hiyo mashine ni ya nani? Mimi sijamwagiza mtu mashine!"

Nilisikia pumzi zake zikienda mbio. Muda mfupi uliopita mwenye hofu nilikuwa mimi.

"Ni yangu, Mama. Bomba letu linatoa maji kama machozi. Nilikuwa naomba unipe nafasi bafuni kwako, niwe nakuja kufulia huko."

"Mumeo amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu," nilisema, na Mungu anisamehe, maana sikusita hata kidogo.

Nilijua ananipima neno kwa neno.

"Haya. Lakini ukija piga hodi kwanza. Usiniingilie tu."

"Nitapiga, Mama."

"Na usije ukaanza kunipangia vitu vyangu."

"Sitagusa."

"Na kama itabaki nafasi humo ndani, nitatia na vijishuka vyangu viwili vitatu. Visije vikakaa bure."

"Tia, Mama. Nafasi ipo."

Akakata bila kuaga. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Muuzaji alikuwa ametupa mgongo, akifuta kioo cha mashine ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

"Dada," nilimwita, "tufungie ile ya kifuniko cha juu."